Mtekaji Anataka Nini? Utangulizi wa Ulinzi wa Usafiri wa Anga

Mwaka 1961 shirika la Eastern Air Lines la Marekani lilianzisha safari kati ya New York, Boston na Washington ambazo abiria hakulazimika hata kukata tiketi mapema. Aliingia uwanjani, akapanda ndege, akakaa, kisha mhudumu akampitia kitini kukusanya nauli. Hakuna aliyefungua mkoba wake. Ndugu waliokuja kumsindikiza walifika naye hadi mlango wa kupandia, wakaagana hapo.

Nimeanzia hapo, msomaji wangu, kwa sababu wengi wanaoingia katika taaluma hii hudhani kwamba ukaguzi wa uwanjani ulizaliwa pamoja na ndege, au kwamba ulizaliwa tarehe 11 Septemba 2001. Kabla ya tarehe hiyo kulikuwa na zaidi ya miaka 30 ya majaribio, mikataba, vifo na mabishano ya fedha. Huwezi kuelewa kwa nini leo unavua mkanda na kutoa kompyuta mkobani bila kuijua miaka hiyo. Nitakupitisha humo taratibu, na sihitaji uwe na ujuzi wowote wa urubani au sheria.

Tuanze na misingi. Utekaji nyara wa ndege ni kuichukua ndege iliyo safarini, kwa nguvu au kwa vitisho, na kuitoa mikononi mwa rubani wake. Neno "safarini" lina mipaka yake kisheria. Mkataba wa The Hague wa 1970 unasema ndege iko safarini tangu milango yote ya nje inapofungwa abiria wakishaingia, hadi mlango mmoja unapofunguliwa ili washuke. Kwa hiyo ndege iliyosimama tuli uwanjani, milango ikiwa imefungwa, inaweza kutekwa kisheria sawa na iliyo juu ya bahari.

Msingi wa pili ni kwamba ulinzi wa anga hushughulika na mtu mwenye kusudi. Mhandisi anayechunguza injini iliyoharibika anashindana na chuma, joto na uchakavu, na vitu hivyo havibadili mbinu vikigundua kwamba vinatazamwa. Mtekaji hubadili mbinu. Ukiziba njia moja, hutafuta nyingine. Ndiyo sababu wataalamu wa fani hii hawaanzi kwa kuuliza mashine gani inunuliwe. Huanza kwa kuuliza: mtekaji anataka nini? Nakuomba ulishike swali hilo, maana kila kanuni utakayoisoma ina jibu lake ndani, hata pale waandishi wa kanuni hawakulitamka. Jibu hilo likiwa la makosa, kanuni huanguka hata kama mashine zinafanya kazi vizuri.

Jibu la kwanza katika historia lilikuwa rahisi: mtekaji anataka kufika mahali. Katika miaka ya 1960 wengi walioteka ndege za Marekani walitaka kwenda Cuba. Wengine walikuwa na sababu za kisiasa, wengine walikimbia kesi, na wengine walikuwa wagonjwa wa akili. Kati ya 1968 na 1972 zaidi ya ndege 130 zilitekwa katika anga ya Marekani. Mashirika ya ndege yalipiga hesabu yakaona kwamba kumtii mtekaji ni nafuu kuliko kumkagua kila abiria. Ndege ingetua Havana, abiria wangekaa saa kadhaa, kisha wangerudi nyumbani wazima. Marubani walipewa ramani za Karibi hata kama safari yao haielekei huko, pamoja na kadi za maneno ya Kihispania. Utiifu ukawa sera rasmi: mpe anachotaka, usipambane naye, tua salama.

Usiidharau sera hiyo. Iliokoa maisha ya watu wengi, na ilijengwa juu ya hoja yenye mantiki, kwamba mtekaji naye yumo ndani ya ndege na anataka kuishi. Shikilia hoja hiyo. Ilibeba mfumo mzima wa ulinzi kwa karibu miaka 40.

Jibu la pili lilitoka Mashariki ya Kati. Julai 1968 wapiganaji wa chama cha Popular Front for the Liberation of Palestine (PFLP) waliiteka ndege ya shirika la Israeli, El Al, iliyokuwa ikitoka Rome, wakaipeleka Algiers. Hawa hawakutaka usafiri. Walitaka kubadilishana mateka na wafungwa, na walitaka dunia iwasikilize. Septemba 1970 chama hichohicho kiliteka ndege kadhaa ndani ya siku chache. Tatu zilipelekwa kwenye uwanja wa jangwani nchini Jordan uitwao Dawson's Field, zikalipuliwa tarehe 12 mbele ya kamera baada ya abiria kushushwa. Ndege ikawa jukwaa na abiria wakawa rehani.

Hapo ndipo sheria ya kimataifa ilipoamka. Mkataba wa Tokyo wa 1963 ulikuwa umeshughulikia zaidi mamlaka ya rubani na kurudishwa kwa ndege na abiria. Mkataba wa The Hague, uliotiwa saini Desemba 1970, uliongeza kanuni unayopaswa kuifahamu tangu siku ya kwanza: nchi inayomkamata mtekaji ama imkabidhi kwa nchi inayomdai, ama imfikishe mbele ya vyombo vyake yenyewe vya mashtaka. Hakuna njia ya tatu. Mwaka uliofuata, Mkataba wa Montreal uliingiza kosa la kuharibu ndege, ikiwemo kuitega bomu. Mwaka 1974, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ni chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao Montreal, lilipitisha Kiambatisho cha 17. Hiki ndicho waraka mama wa taaluma yetu. Kina viwango, yaani mambo ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuyatimiza, na mapendekezo, yaani mambo ambayo inahimizwa kuyafanya. Kiambatisho chenyewe hakimkagui mtu. Kila nchi hukigeuza kuwa sheria na mpango wake, na hapo ndipo tofauti unazoziona kati ya uwanja mmoja na mwingine zinapoanzia.

Marekani yenyewe ilisukumwa na tukio jingine. Novemba 1972 watu watatu waliiteka ndege ya Southern Airways, wakaizungusha juu ya Oak Ridge, Tennessee, wakitishia kuiangusha kwenye kinu cha nyuklia wasipolipwa dola milioni 10. Kabla ya hapo walikaguliwa wachache tu, wale ambao mwenendo wao ulilingana na sifa zilizodhaniwa kuwa za mtekaji. Kuanzia Januari 1973 kila abiria na kila mkoba wa mkononi ulikaguliwa. Mashirika yalikuwa yamehofia kwamba wateja watakimbia. Hawakukimbia. Mwezi Februari mwaka huohuo Marekani na Cuba zilikubaliana kuwashtaki au kuwarudisha watekaji. Kimbilio likafungwa, na utekaji nchini humo ukapungua mno. Wanafunzi wapya husahau sehemu hiyo ya pili, wakaipa mashine sifa yote. Mimi naamini makubaliano yale yalifanya kazi kubwa sawa na mashine, kwa sababu yaligusa moja kwa moja kile ambacho mtekaji wa wakati ule alikitaka.

Sasa tuje kwetu, maana somo hili lilifika Afrika Mashariki mapema. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens, na watekaji wakapandia hapo wakiwa abiria wa kubadilisha ndege. Waliipeleka Benghazi, kisha Entebbe, ambako Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliwapokea. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwakomboa mateka wengi, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Watu hupenda kusimulia uvamizi huo. Mimi ningependa utazame Athens. Abiria wa kubadilisha ndege ni yule anayeshuka kutoka ndege moja na kupanda nyingine bila kutoka nje ya uwanja. Ukimwacha apite kwa kuamini kwamba alikaguliwa alikotoka, umeukabidhi uwanja wako kwa uzembe wa uwanja mwingine. Ulinzi wa anga ni mnyororo, na hukatika kwenye pete iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana leo hukaguliwa upya unapobadilisha ndege kwenye viwanja vingi, hata kama hujakanyaga nje.

Tanzania nayo ilionja. Mwishoni mwa Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyoondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliomtaka Rais, Mwalimu Nyerere, ajiuzulu. Ilipita Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha baada ya mazungumzo. Ilikuwa safari ya ndani ya nchi. Ikumbuke safari hiyo kila unapomsikia mtu akisema kwamba viwanja vya mikoani havihitaji ukaguzi wa maana.

Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka kwa namna inayowachanganya wengi. Mtekaji alipozuiwa kupita na silaha, baadhi ya magaidi waliacha kupanda ndege kabisa, wakapeleka mzigo peke yake. Tarehe 23 Juni 1985 bomu liliiangusha ndege ya Air India karibu na Ireland, wakafa watu 329. Tarehe 21 Desemba 1988 jingine, lililofichwa ndani ya redio kaseti, liliivunja ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa 270, wakiwemo 11 waliokuwa chini. Jibu la taaluma lilikuwa kulinganisha mzigo na abiria: sanduku halisafiri ikiwa mwenyewe hakupanda. Kama umewahi kukaa ndani ya ndege iliyochelewa huku mzigo wa abiria asiyeonekana ukitafutwa ushushwe, ulikuwa unaiona kanuni hiyo ikitekelezwa. Na hapa utaona jinsi msiba unavyoingia kwenye hesabu za biashara. Pan Am, iliyokuwa tayari na madeni, haikupona baada ya Lockerbie, ikafungwa Desemba 1991.

Ona pia kanuni hiyo inategemea nini. Inadhani kwamba mwenye bomu hatakubali kufa nalo. Ni dhana ileile ya zamani, imevaa nguo mpya.

Dalili kwamba dhana hiyo inaoza zilikuwepo. Desemba 1994 watekaji wa ndege ya Air France kutoka Algiers, walipofika Marseille, walidai tani 27 za mafuta, kiasi kinachozidi mno mahitaji ya kufika Paris. Wachunguzi waliona kwamba walikusudia kuigeuza ndege kuwa bomu juu ya jiji. Makomando wa Ufaransa waliivamia kabla haijaruka. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Nahodha Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumwamini, kwa kuwa walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege muda ambao ndege ya aina ile inaweza kuruka. Mafuta yakaisha. Nahodha akajaribu kutua baharini kando ya Ngazidja, Visiwa vya Komoro, huku akisukumana na watekaji. Kati ya watu 175 walikufa 125. Tukio hili hutajwa kwa haraka katika vitabu vya Magharibi, nami nadhani linastahili sura nzima. Lilionyesha kwamba utiifu si kinga mbele ya mtu ambaye hoja ya kuishi haimgusi.

Na hivyo tunafika 11 Septemba 2001. Watu 19 waliteka ndege nne na kuua watu 2,977. Wengi huanza kwa kuuliza walipitaje kwenye ukaguzi. Kwa sehemu kubwa walipita kihalali, maana visu vyenye makali mafupi viliruhusiwa wakati ule. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mfumo wa kompyuta uliwachagua baadhi yao kuwa abiria wa kuangaliwa zaidi. Hatua iliyochukuliwa ikawa nini? Masanduku yao yalizuiwa yasipakiwe hadi ihakikishwe kwamba wao wenyewe wamepanda. Mfumo uliwaona, ukawashughulikia kama watu wasiotaka kufa. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini swali la nia hutangulia swali la mashine.

Abiria wa ndege ya nne, United 93, walipigiana simu na jamaa zao wakajua kwamba ndege nyingine zilikuwa zimegongeshwa kwenye majengo New York. Ndani ya dakika 30 hivi tangu ndege yao itekwe walikuwa wameiacha sera ya utiifu na kuwavamia watekaji. Ndege ilianguka kwenye uwanda huko Pennsylvania, haikufika ilikokusudiwa. Hakuna waraka ulioandikwa siku hiyo. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika taaluma hii yaliamuliwa na watu wa kawaida, wengine wakiwa bado na simu sikioni.

Yaliyofuata yana pande mbili, nami nataka uzione zote. Upande wa ulinzi, Marekani iliunda mamlaka mpya ya serikali, TSA, kwa sheria ya Novemba 2001. Kabla ya hapo ukaguzi nchini humo ulikuwa jukumu la mashirika ya ndege, ambayo yaliajiri kampuni za bei nafuu zenye wafanyakazi wa mishahara midogo waliohama kila mara. Milango ya chumba cha marubani, ambayo zamani mtu mwenye nguvu aliweza kuisukuma kwa bega, iliimarishwa izuie risasi na nguvu za mtu. ICAO iliifanya kuwa sharti kwa ndege kubwa za abiria kuanzia Novemba 2003. Ukiniuliza ni kifaa gani kimeleta manufaa zaidi baada ya 2001, nitataja mlango huo kabla ya mashine yoyote.

Upande wa biashara, anga ya Marekani ilifungwa kwa siku kadhaa, na mapato yakakauka. Bunge lilitoa dola bilioni 5 taslimu na dhamana za mikopo ya hadi bilioni 10. Swissair ya Uswisi, iliyokuwa imedhoofishwa na ununuzi wa mashirika mengine, iliishiwa fedha ikasimamisha ndege zake zote tarehe 2 Oktoba. Sabena ya Ubelgiji ilifilisika mwezi uliofuata. Jambo ambalo wageni wa fani hawalitarajii ni bima. Bima ya hatari za vita ni ile inayolipa hasara zitokanazo na vita, ugaidi au utekaji. Siku chache baada ya mashambulizi, kampuni za bima zilipunguza hadi dola milioni 50 kinga ya madai ya watu walio nje ya ndege. Bila kinga ya kutosha ndege haziruhusiwi kuruka, kwa hiyo serikali zikalazimika kujiingiza kuwa mdhamini. Tiketi nazo zikabeba tozo ya ulinzi, ambayo unailipa hadi leo katika nchi nyingi hata kama hujawahi kuisoma kwenye stakabadhi.

Kulikuwa na gharama nyingine isiyoandikwa kwenye daftari la shirika lolote. Wamarekani wengi walihama kutoka ndege kwenda magari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata walikufa barabarani takriban watu 1,500 zaidi ya kawaida. Hofu nayo ina mzigo wake, na msomi wa ulinzi anapaswa kuupima anapopendekeza kanuni itakayowafukuza watu angani.

Kanuni nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa ukishajua njia ya kufikiri utazielewa mwenyewe. Viatu vilianza kukaguliwa baada ya Desemba 2001, mtu mmoja alipojaribu kulipua bomu lililofichwa kiatuni. Vimiminika vya zaidi ya mililita 100 vilizuiwa baada ya njama iliyofichuliwa London Agosti 2006. Mashine za kupiga picha mwili mzima zilienea baada ya bomu lililofichwa kwenye chupi Desemba 2009. Baadhi ya kanuni hizi sasa zinalegezwa: Marekani iliacha kuvua viatu Julai 2025, na viwanja vinavyotumia eksirei za pande tatu, yaani zinazopiga picha nyingi kuuzunguka mkoba na kuunda umbo lake kamili, huweza kuruhusu vimiminika vingi zaidi.

Huenda pia umejiuliza kwa nini Nairobi abiria amekuwa akishuka garini na kukaguliwa kabla hata ya kuliona jengo, kisha akikaguliwa tena ndani. Ukaguzi wa ndani unailinda ndege, na wa nje unaulinda umati. Mabomu ya Machi 2016 katika uwanja wa Brussels yalilipuka kwenye ukumbi wa kuondokea, watu wakiwa bado hawajafika kwenye mashine yoyote. Gharama ya kutimiza masharti ya namna hii ni kubwa, lakini ndiyo inayofungua masoko: safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018, isingewezekana bila Marekani kuridhika kwanza na hali ya uwanja wa Jomo Kenyatta.

Nakuacha na tatizo ambalo wenzako watakuwa wanalifanyia kazi utakapojiunga nao. Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la Germanwings alimfungia nahodha nje, akaiangusha ndege milimani Ufaransa, wakafa watu wote 150. Mlango uliotengenezwa kumzuia mtekaji ulimzuia mwokozi. Mwaka uliofuata, Februari 2016, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta lilitoboa ubavu wa ndege ya shirika la Daallo muda mfupi baada ya kuondoka Mogadishu. Aliyeibeba ndiye pekee aliyekufa, na ndege ikarudi kutua. Picha za kamera za uwanjani zilionyesha alivyokabidhiwa kompyuta hiyo: alipewa na watu, angalau mmoja wao mfanyakazi wa uwanja, ng'ambo ya ukaguzi. Tatizo hili huitwa tishio la ndani, yaani hatari inayotokana na mtu aliyeaminiwa kuingia pale ambapo abiria haingii. Kwa sababu hiyo wapakiaji mizigo, wasafisha ndege, wapishi wa chakula cha ndege na marubani sasa hukaguliwa historia zao kabla ya kupewa kitambulisho, na katika viwanja vingi hupita kwenye mashine kila zamu. Lakini rubani anayekusudia mabaya hahitaji kupitisha kitu chochote kwenye mashine, na hapo ndipo kazi ya ulinzi inapokutana na ile ya madaktari wa afya ya akili, wanasheria wa ajira na vyama vya wafanyakazi.